Jumba la Bristol lililojengwa kwa fedha za miwa

KATIKA barabara ya Great George jijini Bristol, magharibi mwa Uingereza, lipo jumba la mawe ambalo wapenzi wa usanifu huenda kulitazama kwa ustadi wake, na wapenzi wa historia kwa chanzo cha fedha zilizolijenga.

Jumba hilo, nambari 7, lilijengwa mnamo 1790 hivi kwa ajili ya John Pinney, tajiri aliyemiliki mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Kiafrika katika kisiwa cha Nevis, eneo la Caribbean. Msanifu wake alikuwa William Paty.

Mtindo wake huitwa Georgian, kutokana na wafalme wanne walioitwa George waliotawala mfululizo kuanzia 1714 hadi 1830. Sifa yake kuu ni ulinganifu. Uso wa jumba ni wa mawe ya chokaa yaliyochongwa yakanyooka, na madirisha yake, yanayofunguliwa kwa kusukumwa juu, yamepangwa kwa safu sawasawa.

Ndani, kila orofa ilikuwa na kazi yake. Chini kabisa mna jikoni, chumba cha kufulia na kidimbwi cha mawe cha kuogea maji baridi. Juu yake ni vyumba vya kulia na afisi ya mwenye nyumba; kisha sebule za kupokelea wageni na maktaba; halafu vyumba vya kulala. Watumishi walihangaika chini ili mabwana wastarehe juu.

Miongoni mwa watumishi hao alikuwa Pero Jones. Pinney alimnunua huko Nevis mnamo 1765 akiwa na umri wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Alimtumikia bwana wake hadi alipofariki mnamo 1798, bila kuachwa huru. Daraja la waendao kwa miguu katika bandari ya Bristol, lililofunguliwa mnamo 1999, lina jina lake.

Leo jumba hilo ni makumbusho. Limo katika orodha ya majengo ya kihistoria ya Uingereza, daraja la pili lenye nyota, na kwa hivyo haliwezi kubomolewa wala kubadilishwa sura bila kibali. Ulinzi huo unahifadhi sebule ya tajiri pamoja na jikoni ya chini, na anayezuru jumba zima huyaona maisha ya pande zote mbili.