Wamisionari Wastaafu: Mume na Mke katika Misheni za Watakatifu wa Siku za Mwisho

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama Kanisa la Wamormoni, mmisionari anayezoeleka mitaani ni kijana mwenye kibandiko cha jina kifuani, akitembea na mwenzake. Pamoja na vijana hao hutumika kundi la pili: wanandoa waliokwisha kulea watoto na kustaafu kazi, ambao hufunga nyumba yao na kwenda misheni bila mshahara. Utaratibu wao umechelewa kukomaa kuliko ule wa vijana, lakini katika nchi kadhaa, zikiwemo za Afrika, wao ndio waliotangulia.

Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Wamisionari wake wa miaka ya mwanzo walikuwa, wengi wao, wanaume wenye familia, na wito wa misheni uliwatenganisha na wake zao. Mwezi Septemba 1839 wawili kati yao, Brigham Young na Heber C. Kimball, waliondoka kando ya Mto Mississippi kwenda Uingereza huku malaria ikiwatetemesha, na nyumbani waliacha wagonjwa kitandani. Mke wa Young alikuwa amejifungua siku chache tu kabla. Mwanamke aliyebaki ndiye aliyebeba mzigo wa shamba, watoto na madeni.

Wachache walipata nafasi ya kutumika pamoja. Louisa Barnes Pratt, ambaye mumewe Addison alikuwa amekwenda visiwa vya Pasifiki mwaka 1843 na kumwacha na mabinti wanne, aliwekewa mikono kwa ajili ya misheni mwaka 1850 na kumfuata kisiwani Tubuai, ambako alifundisha wanawake na watoto. Mwaka 1898 Inez Knight na Jennie Brimhall wakawa wanawake wa kwanza wasioolewa kuitwa rasmi kuwa wamisionari, wakapelekwa Uingereza. Katika karne ya 20 kazi ya kuhubiri ilihamia polepole mikononi mwa vijana wasio na ndoa, na mume mwenye watoto wadogo hakutarajiwa tena kuiacha nyumba yake.

Wanandoa wazee walipata nafasi pana zaidi kuanzia miaka ya 1970. Kanisa lilikuwa likienea katika nchi zenye waumini wapya na viongozi wasio na uzoefu. Mwaka 1971 lilianza kutuma wamisionari wa afya, na mwaka 1974 rais wake, Spencer W. Kimball, alitoa mwito wa kuongeza sana idadi ya wamisionari. Nchini Marekani kwenyewe, Hifadhi ya Jamii iliyowekwa kisheria mwaka 1935, pensheni za waajiri na kurefuka kwa maisha vilikuwa vimezaa kizazi cha wastaafu wenye afya, kipato na muda.

Afrika Magharibi ndiko thamani yao ilikoonekana wazi zaidi. Hadi tarehe 8 Juni 1978 Kanisa lilikuwa likiwanyima wanaume Weusi ukuhani, na hivyo halikuwa limejenga misheni miongoni mwa Waafrika Weusi. Hata hivyo, nchini Nigeria na Ghana tayari palikuwa na watu waliosoma vitabu vyake, wakaanzisha makusanyiko wao wenyewe na kuandika barua makao makuu ya Kanisa, Salt Lake City, wakiomba wamisionari. Katika Jimbo la Imo, Nigeria, kundi moja liliongozwa na mwalimu Anthony Obinna; huko Cape Coast, Ghana, Joseph William Billy Johnson alikuwa akihubiri tangu miaka ya 1960.

Baada ya zuio kuondolewa, waliotumwa kwao mwezi Novemba 1978 walikuwa jozi mbili za wanandoa: Rendell na Rachel Mabey, pamoja na Edwin na Janath Cannon. Waume wote wawili walikuwa wamewahi kuongoza misheni barani Ulaya, na Janath Cannon alikuwa ametoka katika urais mkuu wa Muungano wa Usaidizi, jumuiya ya wanawake ya Kanisa. Tarehe 21 Novemba 1978 watu 19 wa kundi la Obinna walibatizwa mtoni. Siku hiyohiyo tawi likaundwa: Obinna akawa rais, ndugu zake Francis na Raymond wakawa washauri wake, na mkewe Fidelia akapewa uongozi wa akina mama. Tarehe 9 Desemba Johnson na wenzake wengi walibatizwa Cape Coast.

Matukio hayo yanaonyesha jinsi mume na mke walivyogawana kazi. Waume walihoji waombaji wa ubatizo na kuwatawaza viongozi; wake waliwafundisha wanawake namna ya kuendesha mikutano yao. Mwaka wao mmoja ulipokwisha, waumini walikuwa wamepita 1,700. Uongozi wa wenyeji ulijaribiwa tarehe 14 Juni 1989, serikali ya Ghana ilipositisha shughuli za Kanisa na kuwaamuru wamisionari wa kigeni kuondoka. Waghana wenyewe, chini ya daktari Emmanuel Kissi, waliliendeleza wakisali majumbani hadi amri ilipofutwa mwezi Novemba 1990.

Njia hiyo ilirudiwa kwingineko. R. Bay na Jean Hutchings walifika Kinshasa mwaka 1986, wakati Kanisa lilipotambuliwa na serikali ya Zaire. Mwaka 1992 jozi sita za wanandoa ziliingia Mongolia kusaidia elimu ya juu. Wakati huo hapakuwa na tawi hata moja nchini humo. Kenya nayo ilipokea wanandoa katika miaka ya 1980, kabla Kanisa halijasajiliwa mwaka 1991. Serikali inayosita kupokea wahubiri vijana huweza kumpa viza mwalimu, mhasibu au muuguzi mstaafu.

Mahali palipokwisha kuwa na misheni, wanandoa hufanya kazi chini ya rais wa misheni, bega kwa bega na vijana. Huweka hesabu za ofisi, hufuatilia viza na mikataba ya pango, hushauri kuhusu magonjwa, hufundisha madarasa ya dini na husimamia miradi ya maji au viti vya magurudumu. Kazi moja ya kawaida ni ukaguzi wa nyumba za vijana. Mume hutazama kufuli, king'ora cha moshi na chujio la maji. Mke hufungua jokofu, hukagua vyandarua na kuuliza nani amekuwa na homa. Mara nyingi ukaguzi huisha kwa chakula walichokuja nacho, na kijana aliyelemewa na upweke hupata wa kumsikiliza.

Masharti yao ni mepesi kuliko ya vijana. Hawabanwi na ratiba ya kila saa wala kulazimika kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na huweza kutaja aina ya kazi wanayoipendelea. Gharama ni juu yao wenyewe, na kwa muda mrefu hiki kimekuwa kikwazo. Mwaka 2011 Kanisa liliweka kikomo cha dola 1,400 kwa mwezi katika gharama za makazi wanazojilipia, na likaruhusu misheni fupi za miezi 6 tu. Mwaka uliofuata umri wa kuanza misheni ulishushwa hadi miaka 18 kwa wavulana na 19 kwa wasichana. Kufikia mwisho wa 2013 wamisionari walikuwa zaidi ya 80,000, na haja ya wazee wa kuwasimamia ikaongezeka.

Kwa kuwa gharama hutoka mfukoni mwa anayetumika, wengi wa wanandoa hao wametoka Amerika Kaskazini. Kwa muumini wa Afrika ambaye uzeeni hutegemea shamba, biashara ndogo au watoto, miezi 18 ugenini ni mzigo mzito. Njia iliyo wazi zaidi kwake ni utumishi wa karibu na nyumbani: wazee wanaweza kuitwa kutumika saa kadhaa kwa wiki huku wakilala kwao, hekaluni, ofisini au katika miradi ya misaada.