Samaki Aliyeoza na Ulimi wa Jaji

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo yafaa katika malezi na katika uchaguzi wa marafiki, maana humwonya mtu juu ya uovu uambukizao. Walakini haifai kuwa kanuni ya ushahidi, kwa kuwa mahakamani kila mtu hana budi kupimwa kwa tendo lake mwenyewe. Jambo hili lilijadiliwa kwa uzito katika Bara Hindi mwaka 1963, katika kesi ambayo wanasheria wa huko huitaja hata leo: Serikali ya Uttar Pradesh dhidi ya Mohammad Naim.

Chanzo chake kilikuwa hukumu ya Jaji Anand Narain Mulla wa Mahakama Kuu ya Allahabad. Bwana huyu alizaliwa Lucknow mwaka 1901, akawa mshairi wa Kiurdu mwenye sifa kubwa, na mwaka 1954 akapewa ujaji. Katika rufani moja ya jinai aliona kwamba afisa wa polisi alikuwa na mkono katika ushahidi wa uongo, naye akamtaka aeleze kwa nini asishtakiwe. Afisa akaonyesha majuto, na jaji akamwachilia. Lakini katika maandishi yake jaji alisema kwamba hapana kundi la wavunja sheria nchini kote ambalo makosa yake yanakaribia makosa ya jeshi la polisi. Akaongeza kuwa pale ambapo samaki wote, labda isipokuwa wachache, wananuka, ni kazi bure kumtoa mmoja au wawili na kusema hao ndio wanaonuka.

Hatuna haki ya kudhani kwamba maneno hayo yalitoka katika chuki tu. Polisi wa Bara Hindi walipangwa kwa Sheria ya mwaka 1861, muda mfupi baada ya maasi ya mwaka 1857, na shabaha ya watawala ilikuwa kulinda dola kuliko kumtumikia mwananchi. Hata watawala hao wenyewe hawakuwaamini kikamilifu, maana Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872 ilikataza ungamo lililotolewa kwa afisa wa polisi lisitumike kumtia hatiani aliyeungama. Sheria hiyo ililetwa hata kwetu, ikatumika Kenya na Tanganyika mpaka nchi hizi zilipotunga sheria zao za ushahidi, Kenya mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967. Katazo lile ni lawama nzito juu ya polisi, ila ni lawama isiyomtukana mtu. Lilimkinga mshitakiwa kwa kanuni iliyojulikana na wote mapema.

Serikali ya jimbo iliomba maneno ya Jaji Mulla yafutwe, naye akakataa. Ndipo shauri likafika Mahakama ya Juu. Jaji S. K. Das, aliyeandika uamuzi, alikiri kwanza kwamba majaji sharti wawe huru kutimiza kazi yao bila ya woga, wala asiwepo wa kuwaingilia. Kisha akaweka maswali matatu. Je, mtu anayelaumiwa yupo mbele ya mahakama, au amepata nafasi ya kujieleza na kujitetea? Je, katika kumbukumbu za kesi mna ushahidi unaohalalisha lawama hiyo? Je, ni lazima kuutaja mwenendo wake ili kesi ipate kuamuliwa? Jeshi zima la polisi halikuwa mbele ya mahakama, na ushahidi uliokuwapo haukuweza kulihukumu lote. Kwa hiyo maneno yale ya jumla yakaamriwa kufutwa.

Yuko atakayeuliza: je, huku si kumfunga jaji kinywa? Mkulima aliyepigwa kituoni hana sauti ipitayo ya mahakama. Ikiwa jaji naye atanong'ona, nani atasema kwa sauti? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo ndani ya kesi yenyewe. Tazama mambo yalivyomalizika: maelfu ambao hawakusikilizwa walilaaniwa, na yule mmoja aliyesikilizwa akaenda zake. Neno kali lilichukua mahali pa tendo. Afisa mwovu hufurahi kusikia kwamba wote ni waovu, kwani lawama iliyogawiwa kwa wote haina uzito begani mwa yeyote. Maswali yale matatu hayamnyamazishi jaji. Yanamtaka amtaje mkosaji, aonyeshe ushahidi, kisha atoe amri.

Hata hivyo kiasi hicho kina mpaka wake. Mwezi wa Aprili 2021, wakati wa maradhi ya korona na uchaguzi, majaji wa Mahakama Kuu ya Madras walitamka kwamba pengine maafisa wa Tume ya Uchaguzi wangestahili kushitakiwa kwa mauaji, kwa kuwa mikutano ya kampeni iliendelea. Tume ililalamika. Mwezi wa Mei, Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji D. Y. Chandrachud, ilisema kwamba maneno hayo yalikuwa makali na mfano wake haukufaa. Lakini kwa kuwa hayakuandikwa katika amri, hapakuwa na cha kufuta. Tume ilipotaka magazeti yazuiwe kutangaza yasemwayo na majaji mahakamani, ilikataliwa. Kiasi ni wajibu wa ulimi wa jaji. Hakiwezi kugeuzwa kizibo cha masikio ya umma.

Jaji Mulla mwenyewe, baada ya kuacha ujaji, alichaguliwa mbunge wa Lucknow mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1980 mpaka 1983 aliongoza kamati ya taifa ya kutengeneza magereza. Huko alikuwa na haki kamili ya kulisema shirika zima la serikali, kwa sababu shirika zima ndilo lililokuwa likichunguzwa. Mahakama ilimkatalia kuyasema hayo juu ya polisi kwa kesi ya mtu mmoja. Kamati ilimpa nafasi ya kuyasema juu ya magereza kwa uchunguzi wa nchi nzima.