Hatua Ishirini za Mwisho

Safari ya habari haipimwi kwa upana wa bahari iliyovukwa. Hupimwa kwa hatua za mwisho, zile zinazobaki baina ya mahali habari ilipotua na mtu aliyekuwa akiingojea. Jambo hili limeonekana mara nyingi katika historia ya mwambao wetu, na siku hizi laonekana ndani ya nyumba zetu wenyewe, baina ya sebule na chumba cha uani.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Wazee wetu waliita chombo hicho simu, neno lenye asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Kabla ya hapo barua ya kwenda London ilipanda meli, na jibu lilingojewa kwa majuma mengi. Sasa ujumbe ukavuka upesi. Lakini ulivuka kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Sultani, mabalozi na matajiri wa karafuu na pembe. Kila neno lilikuwa na bei yake, nayo haikuwa bei ya mkulima. Waya ulivuka bahari nzima, ukamwishia mtu huyo karibu na mlango.

Miaka 130 baadaye mambo yalijirudia kwa sura nyingine. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia. Swali na jibu lake, kupanda na kushuka, vilichukua kama nusu sekunde, na gharama ilikuwa kubwa. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa umetua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huo huo ukafika Mombasa mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Ndani ya mikongo hiyo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hukimbia humo kwa umbo la mwanga. Bahari ikawa si kizuizi tena. Kizuizi kikahamia nchi kavu, kisha mitaani, na hatimaye kikabisha hodi majumbani.

Tazama jinsi intaneti inavyoingia katika nyumba. Waya hutoka kwenye nguzo ya barabarani, hupenya upande wa mbele, na fundi hufunga ruta pale pale alipopenyezea, kwa kuwa ndipo kazi yake inapokuwa nyepesi. Mara nyingi pale ni sebuleni. Na sebuleni ndipo ilipokaa redio ya betri, ndipo ilipokaa simu ya mezani na kufuli lake, ndipo ilipokaa televisheni. Kila chombo cha habari kimeingia kwa mlango wa mbele na kukaa karibu na kiti cha mwenye nyumba. Wa uani walipata masalio.

Kutoka kwenye ruta habari husafiri kwa mawimbi ya redio, nayo yana historia yake. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha mtandao wa ALOHAnet, ili wanafunzi waliokuwa katika visiwa mbalimbali waifikie kompyuta ya kisiwa cha Oahu bila waya. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa ya redio yatumike kwa mawasiliano ya aina hii bila leseni. Miongoni mwake ni yale ya gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na majiko ya maikrowevu. Ruhusa ilitolewa kwa sharti kwamba nguvu ya chombo iwe ndogo, kila mtu asimsumbue jirani yake. Mwaka 1997 kanuni ya kwanza ya waifai ilitolewa, ikibeba megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 zikafika 11. Huko Australia John O'Sullivan na wenzake walikuwa wameshughulikia tatizo la mwangwi, maana mawimbi yakiwa chumbani hugonga kuta na kurudi yakiwa yamevurugika.

Hivyo udhaifu wa waifai si kasoro ya kiwandani. Ni chombo kilichoruhusiwa kunong'ona tu. Nacho tumekileta katika nyumba ambazo hazikujengwa kwa minong'ono. Nyumba za mawe za mwambao zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene za kuzuia joto na macho ya wapita njia, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba na kuta ni nyingi. Wimbi la gigahezi 5 lina kasi kuliko la 2.4, lakini huchoka mapema zaidi likikutana na ukuta.

Nyumbani kwangu mjukuu wangu anayesomea uuguzi hulala chumba cha uani, hatua ishirini kutoka sebuleni. Masomo mengine huyapata kwa video. Kila usiku alingoja wageni waage na televisheni izimwe, ndipo aje kuketi sakafuni karibu na ruta. Nilipomwuliza, alijibu, "Babu, mimi nimeshazoea." Mwalimu akisikia mwanafunzi amezoea kusomea sakafuni usiku wa manane, hana haki ya kulala.

Baba yake alisema tununue kifurushi kikubwa zaidi. Nikamwomba kwanza tupime. Karibu na ruta tulipata megabiti 38 kwa sekunde. Uani tulipata 2. Kifurushi kikubwa kingewaongezea wa sebuleni tu. Rafiki mmoja alishauri kikuza mawimbi, lakini kile cha bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ile ile moja, hivyo kasi hupungua kama nusu. Tena kikiwekwa uani, kitakuza unyonge ule ule kinaoupokea. Hapo nikarudi kwenye maana ya kale ya neno simu. Tulinunua waya wa mtandao, ambao unaweza kufika mita 100 bila kupoteza kasi, tukaupitisha ndani ya bomba la plastiki kandokando ya ukuta, tukafunga ruta ndogo uani. Kipimo kikasoma 36.

Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kifurushi kikubwa kwa miezi miwili. Kilichokuwa kimekosekana si fedha wala ufundi. Ni mtu wa sebuleni kuinuka na kwenda kupima uani. Nadhani ndivyo ilivyokuwa mwaka 1879 pia. Ndugu msomaji, ukitaka kujua nyumba ina intaneti kiasi gani, usipime penye ruta. Nenda chumba cha mwisho, ukamwulize anayelala humo.