Nukta Iliyokosea Mahali Pake

Katika lugha ya Kiswahili neno mgeni halisimami peke yake. Pindi linapotajwa, neno mwenyeji huwa limekwisha piga hodi, kwani hakuna mgeni asiye na mwenyeji wake. Wahenga waliyafunga maneno hayo kwa fundo moja waliponena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya hoteli za ufukweni ambazo mtu hulipa mara moja tu, kisha akala, akanywa, akalala na kuchezeshwa bila ya kutia mkono mfukoni tena, ni historia ya jinsi fundo hilo lilivyolegea. Tena ni historia iliyoanza na masikitiko, na masikitiko hayajapata kuipa kisogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kijana aitwaye Billy Butlin, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1899 na kukulia Uingereza na Kanada, alifika mahali paitwapo Kisiwa cha Barry, katika pwani ya kusini ya Wales. Kazi yake ilikuwa ya viwanja vya michezo: alikuwa na kibanda ambamo watu hurusha pete ili wapate zawadi. Siku hizo wafanyakazi wa Kiingereza waliojaaliwa kwenda pwani walipanga vyumba katika nyumba za watu, na desturi ya wenye nyumba ilikuwa kali. Mgeni akishamaliza chakula cha asubuhi hutakiwa atoke, na mlango haufunguliwi hadi ufike wakati wa mlo mwingine. Ikinyesha mvua, na pwani ile mvua si jambo la kubahatisha, wazazi na watoto wao walizunguka njiani wamerowa, hawana pa kujisitiri, ilhali vyumba walivyovilipia vimefungwa. Butlin aliyaona hayo kwa macho yake, na hakuyasahau.

Tarehe 11 Aprili 1936 alifungua kambi yake ya mapumziko huko Skegness, mashariki mwa Uingereza. Palikuwa na nyumba ndogo ndogo za kulala, bwawa la kuogelea, viwanja vya michezo, ukumbi wa dansi na milo mitatu kwa siku. Vyote hivyo vililipiwa kwa pamoja, baina ya shilingi 35 na paundi 3 kwa wiki, kwa kufuata majira. Wito wa biashara yake ulikuwa kwamba mapumziko ya wiki moja yasizidi mshahara wa wiki moja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo, na umma mkubwa ambao haukupata kuijua bahari isipokuwa kwa siku moja moja ukaanza kuitazamia kwa wiki nzima. Hapana budi kumpa Butlin haki yake. Mlango uliokuwa umefungwa aliufungua, na waliokuwa wakinyeshewa aliwaingiza ndani.

Ajabu ni kwamba walipokwisha ingia ndani hawakufurahi. Katika siku zile za mwanzo kulikuwa na baridi, na wageni walikaa kimya, kila jamaa kivyao, wakitazamana kwa haya. Kila kitu kilikuwapo na kila kitu kilikuwa kimelipiwa, lakini furaha haikuja. Butlin alimwendea Norman Bradford, fundi aliyekuwa akisimamia kazi za ujenzi, akamtaka awachangamshe watu. Bradford alishika kipaza sauti, akasimulia vichekesho, akawalazimisha watu waamkiane na majirani zao. Kabla usiku haujaisha, ukumbi ulikuwa umechangamka. Kwa hivyo Butlin akaamua kuwa wawepo watu wa kazi hiyo tu, akawavisha makoti mekundu ili wajulikane. Tangu hapo ukunjufu, ambao hapo kale ulikuwa tabia ya mwenyeji, ukawa cheo chenye sare na mshahara.

Juu ya jengo kuu la kambi ile palibandikwa kauli kwa herufi kubwa, ya kuwaambia wageni kwamba nia yote ya mahali pale ni kuwafurahisha. Kauli hiyo imetoka katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo A Midsummer Night's Dream, na wapenzi wa ushairi hawana budi kusimama hapo kidogo. Katika tamthilia hiyo maneno yale yamo katika utangulizi wa mchezo wa mafundi maskini, na msemaji wao, kwa woga na kutojua, huziweka nukta mahali sipo. Sentensi iliyokusudiwa kusema kwamba wamekuja kuwafurahisha watazamaji hukatika katikati, ikageuka kusema kwamba hawakuja kwa furaha ya watazamaji hata kidogo. Mabwana waliokaa kutazama humcheka. Kauli iliyotungwa iwe ahadi iliyokosewa ndiyo iliyopandishwa mlangoni pa biashara ya furaha, na tangu siku hiyo biashara hiyo haijaacha kuitafuta nukta yake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wazo lile lilihamia kwenye jua. Mwaka 1950 Gérard Blitz, Mbelgiji wa Antwerp aliyekuwa mchezaji wa polo ya majini, alianzisha jumuiya ya Club Méditerranée, na kiangazi hicho hicho akapiga kambi Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca. Mahema aliyapata kwa jamaa wa Gilbert Trigano, ambaye baadaye akawa mshirika wake na hatimaye kiongozi wa jumuiya. Watu wa Ulaya walikuwa wametoka katika miaka ya njaa, vifungo na mabomu, na Blitz aliwataka wasahau. Wasiitane kwa vyeo. Wale meza moja na watu wasiowajua. Mvinyo wa mezani usihesabiwe. Claudine, mkewe Blitz, aliyewahi kuishi Tahiti, alileta vazi la kitambaa cha kujifunga, ambalo mtu wa Lamu au Unguja angelitazama na kuliita kikoi bila ya kufikiri mara mbili.

Fedha nazo zilifichwa. Kwa vile mtu wa ufukweni hana mfuko, vinywaji vya baa vililipiwa kwa punje za ushanga zilizovaliwa shingoni. Jambo hili wengi wamelichukulia kuwa mzaha mzuri. Lakini msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anajua kwamba ushanga haukuwa mzaha. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba frasila kwa frasila za ushanga, kila nchi ya bara na rangi yake iipendayo, na ule mwekundu ulioitwa samesame ukiwa miongoni mwa ulioenea mno. Kwa ushanga msafara ulinunua chakula na kulipa ushuru wa njia. Ushanga wa msafara ulitoka mkononi mwa mgeni ukaingia mkononi mwa mwenyeji. Ushanga wa kambi ulitoka kwa mwenye kambi ukarudi kwa mwenye kambi, na mwanakijiji aliyekaa nje ya ua hakuwa na la kufanya nao. Leo ushanga umeondoka, na katika hoteli nyingi za aina hii pahala pake pamechukuliwa na ukanda wa plastiki unaofungwa mkononi. Umbo limebadilika, maana ni ile ile.

Maadamu furaha sasa ilikuwa bidhaa, hapakuwa na budi siku moja mtu ailalamikie mahakamani kuwa ni pungufu. Wa kwanza kusikika sana alikuwa wakili mmoja wa Kiingereza. Desemba 1969 alikwenda Mörlialp, katika milima ya Uswisi, baada ya kulipa paundi 63 na peni 45 kwa siku 15 zilizoahidiwa kuwa za karamu na mazungumzo. Wiki ya kwanza palikuwa na wageni 13. Wiki ya pili alibaki peke yake, na mwenye hoteli hakujua Kiingereza. Keki zilizosifiwa zikawa viazi vya kukaanga vya pakiti na vibiskuti vikavu vya kokwa. Usiku wa nyimbo za milimani alikuja mtu mmoja na nguo zake za kazi, akaimba nyimbo nne au tano mbiombio, akaenda zake. Hakimu wa kwanza alimpa nusu ya fedha zake, paundi 31 na peni 72. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa, chini ya Lord Denning, ilimpa paundi 125, ikitamka kwamba mtu aliyeuziwa furaha akapewa masikitiko anastahili fidia ya masikitiko yenyewe, wala si ya nauli na chumba peke yake. Kabla ya hapo sheria ya mikataba ya Uingereza ilisita kuupa moyo bei.

Miaka 30 baadaye jambo hilo lilifika katika Mahakama ya Ulaya, na safari hii ilikuwa ni hoteli ya ufukweni hasa. Mnamo Julai 1997 familia moja ya Austria ilikwenda Side, katika pwani ya kusini ya Uturuki, ikakaa kwenye klabu ambamo kila kitu kilikuwa kimelipiwa. Muda wote walikuwa humo, na milo yote waliila humo. Baada ya siku kama nane, binti yao wa miaka 10 alishikwa na homa kali ya sumu ya chakula. Hakuwa peke yake. Wageni wengine wengi waliugua vile vile. Siku zilizobakia wazazi walizitumia kumuuguza. Mahakama ya Austria ilimlipa maumivu ya mwili, lakini ikakataa kumlipa furaha aliyoikosa, kwa kuwa sheria ya nchi haikuitambua. Tarehe 12 Machi 2002 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba raha ya mapumziko iliyopotea nayo ni hasara, na mwuzaji wa safari awajibike kwayo.

Hukumu hizo zilikuwa za haki. Mtoto mgonjwa aliyeahidiwa bahari hapaswi kuambiwa kwamba alichopoteza si kitu. Hata hivyo, mtu akizisoma kwa makini ataona katika faili kuna watu wawili tu, aliyenunua na aliyeuza. Mji wa Side, wenye magofu ya Kigiriki na Kirumi na wenyeji wake walio hai, ni jina la mahali tu. Mwenyeji hana neno la kusema, kwa sababu hakuahidi kitu, wala hakuombwa.

Mahali ambapo mwenyeji alijaribu kusema ni Gambia. Nchi hiyo ndogo ina pwani fupi, na kando ya hoteli zake waliishi wauza matunda, wakamuaji wa maji ya matunda, wachonga vinyago, madereva wa teksi, waongozaji wageni na wenye mikahawa. Mpango wa kulipia yote kwa pamoja ulipoanza kuenea, watu hao waliona mara moja ulivyowaathiri. Mgeni aliyekwisha lipia chakula chake hanunui embe. Mwaka 1999 serikali iliupiga marufuku mpango huo. Mawakala wa safari wa Ulaya hawakupendezwa, na mwaka 2000 marufuku iliondolewa. Hakuna mahakama iliyopima raha waliyoipoteza wauza matunda.

Pwani ya Waswahili nayo imeyaona mambo haya. Tangu miaka ya 1990, huko Kiwengwa mashariki ya Unguja, na vile vile Malindi na Watamu, zilienea hoteli za Kiitaliano ambamo mgeni hupokewa uwanja wa ndege, akapelekwa moja kwa moja hadi ndani ya ua, na siku ya kuondoka akarudishwa kwa njia ile ile. Wapo wenyeji wanaopata mishahara humo, na mshahara si jambo la kudharauliwa. Lakini mgeni wa namna hiyo akirudi kwao na manung'uniko, kwamba chakula kilikuwa kile kile na siku zilifanana, huwa amenung'unikia mahali ambapo hakufika.

Wahenga waliposema Mgeni njoo, mwenyeji apone, mkato waliuweka katikati, mahali pa kuvutia pumzi tu, ili nusu ya pili ifuate. Biashara hii imeutoa mkato ule ikatia nukta. Mgeni njoo. Mwenyeji amebaki upande wa pili wa nukta hiyo, kikapu cha embe kichwani, akitazama ua.