Kutoka Bao Hadi PlayStation: Je, Gemu Zinatuunganisha au Zinatutenga?



Ramadhani ikiingia hapa Lucky Summer, kati ya Alasiri na Magharibi mama huuliza swali moja: huyu kijana yuko wapi? Zamani jibu lilikuwa rahisi: yuko kwenye banda la gemu. Siku hizi yuko chumbani, mlango umefungwa, na bado yuko kwenye gemu. Wazee wanasema gemu zimewafanya vijana wapweke. Vijana nao wanasema wana marafiki mpaka Brazil. Nani mkweli? Hebu turudi nyuma kidogo.

Mchezo si kitu kigeni kwetu. Siku ya Idi mjini Madina, Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamwacha Bi Aisha (r.a.) atazame. Huko Pwani, Lamu hadi Unguja, wazee wetu wamecheza bao vizazi na vizazi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji ni wawili tu. Lakini pita barazani uone: wawili wanacheza, kumi wamewazunguka, na kila mmoja anajidai fundi kuliko wao! Hapo hapo ndipo habari za msiba, harusi na bei ya samaki zinapopita.

Gemu za video zilianza vivyo hivyo. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi kwenye kioo kidogo huko Marekani, ili wageni waliotembelea maabara yao wasichoke. Ulihitaji watu wawili. Pong ya Atari, iliyotoka mwaka 1972, nayo ilihitaji watu wawili. PlayStation ilitoka Japani Desemba 1994, kisha PlayStation 2 mwaka 2000, ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani.

Sasa, mtaani kwetu Eastlands ni nani angeweza kununua yake? Wachache sana. Basi mtu mmoja alinunua mtumba, akaweka runinga kwenye banda la mabati, akatoza kwa kila mechi. Ukifungwa, unatoka, mwingine anashika padi. Ukweli ni kwamba uhaba wa pesa ndio uliotuketisha benchi moja.

Benchi hilo sitalisahau. Mwaka 2017, wakati wa uchaguzi, mtaa ulikuwa na wasiwasi na majirani walianza kuangaliana kwa kabila. Banda lilifungwa siku kadhaa. Lilipofunguliwa tuliingia kimya, kila mtu akimpima mwenzake. Kisha jamaa mmoja akakosa penalti, wote tukacheka, na mambo yakaisha hapo. Sisi watoto tulipatana kabla ya wazazi wetu.

Nini kilibadilika? Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini. Polepole intaneti ikashuka bei, simu nazo zikashuka, na gemu ikahamia mfukoni. Kila mtu akawa na banda lake, na benchi likaondoka.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Machi 2020 korona ilipofunga shule, madrasa na misikiti, mdogo wangu alikuwa akicheza kwa simu kila jioni na binamu yetu aliyeko Mombasa. Walicheka, waligombana, waliulizana hali ya nyanya. Miezi ile, simu ndiyo ilikuwa baraza yao. Tatizo lilikuja baadaye. Milango ilifunguka, lakini mdogo wangu hakutoka. Akawa anakuja mkekani kufuturu na spika za masikio, anakula tende bila kutuangalia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: gemu peke yake haimfanyi mtu awe mpweke wala awe mwenye watu. Bao bila baraza ni ubao tu. Cha kuuliza ni nani ameketi kando yako, na ukishindwa nani atakucheka usoni kisha akusindikize nyumbani.

Ramadhani iliyopita babu alikuja kututembelea kutoka Lamu. Hakumkemea mdogo wangu. Alimwambia tu, "Mjukuu wangu, nifundishe hicho chako, nami nikufundishe changu." Babu alifungwa mabao tisa. Kesho yake akachimba mashimo nyuma ya nyumba, akaokota vijiwe, akamfundisha kunamua. Mpaka babu anaondoka, mdogo wangu hakuwa amemshinda hata mara moja, na watoto wa majirani walikuwa wamesimama kuwazunguka.

Simu bado anayo, na bado anacheza. Lakini wakati wa kufuturu inabaki chumbani. Wazazi, kabla ya kuficha chaja, jaribuni kwanza kuketi naye.

Ramadhani Karim.