Uamuzi wa kaunti hauwi halali hadi upite njia iliyowekwa na sheria

USHURU wa soko, ada ya kuegesha gari au leseni ya duka haiwezi kutozwa na kaunti yoyote nchini kwa amri ya gavana pekee. Kabla ya mchuuzi kudaiwa hata shilingi moja, pendekezo hilo sharti lipitie mikononi mwa kamati tendaji ya kaunti, bunge la kaunti na wakazi wenyewe, kisha lichapishwe katika gazeti rasmi. Hatua moja ikirukwa, mahakama yaweza kuufuta uamuzi mzima, hata kama pesa zimeshaanza kukusanywa.

Mambo hayakuwa hivyo hapo awali. Hadi mwaka wa 2013, mabaraza 175 yaliendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Madiwani ndio waliomchagua meya, lakini sheria ndogo walizozitunga hazikuwa na nguvu mpaka Waziri wa Serikali za Mitaa azikubali. Bajeti yao nayo ilimngoja waziri huyo huyo. Baraza lililomuudhi mkubwa huyo lilijua lililolisubiri: Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka wa 1983, na wakazi wa jiji kuu wakatawaliwa na tume iliyoteuliwa na serikali hadi 1992, bila diwani hata mmoja wa kumpigia kura.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliikata kamba hiyo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 176, kila mojawapo ya kaunti 47 ina serikali yenye mihimili miwili: kamati tendaji inayoongozwa na gavana, na bunge la kaunti. Gavana huwateua mawaziri wake, lakini hawaingii ofisini bila idhini ya bunge hilo. Spika naye huchaguliwa na wawakilishi wa wadi, ambao wananchi wengi wangali wanawaita madiwani, ila yeye mwenyewe hatoki miongoni mwao.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 ndiyo inayoeleza jinsi uamuzi unavyofikiwa. Kikao hakiwezi kuendelea iwapo theluthi moja ya wanachama wote hawapo. Mengineyo, kama vile zamu za kuzungumza, kazi za kamati na namna ya kuwasilisha hoja, huongozwa na kanuni za kudumu ambazo kila bunge hujitungia.

Mswada ukipitishwa hupelekwa kwa gavana, naye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na maelezo ya yale anayoyapinga. Akinyamaza hadi siku hizo zipite, mswada huhesabika kwamba umetiwa sahihi. Bunge nalo laweza kuupitisha tena bila kubadilisha neno iwapo thuluthi mbili ya wanachama wataunga mkono. Hivyo gavana anaweza kuchelewesha sheria, lakini hawezi kuizuia milele.

Sharti ambalo limezikwaza kaunti nyingi ni la kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliagiza bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwezesha umma kushiriki katika utungaji wa sheria. Kwa muda mrefu viongozi walidhani kwamba tangazo moja gazetini na mkutano mmoja katika ukumbi wa hoteli vilitosha. Kaunti ya Kiambu ndiyo iliyolipia funzo hilo. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka wa 2013, iliyokuwa imepandisha ada na ushuru mbalimbali, kwa sababu wakazi hawakupewa nafasi ya kweli ya kutoa maoni. Jaji alisema kaunti ilipaswa kuwafuata wananchi mahali wanapokutana: makanisani, misikitini, katika mabaraza na kupitia redio, zikiwemo zinazotangaza kwa lugha za mama.

Uamuzi huo uliacha swali gumu. Sheria ya ushuru inapofutwa, hospitali, barabara na mishahara iliyotegemea pesa hizo hubaki bila fungu. Ndiyo maana tarehe za bajeti ni kali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, makadirio ya matumizi hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na sheria ya matumizi hupitishwa kabla ya Juni 30. Hata baada ya hapo, pesa hazitoki katika hazina ya kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti.

Mihimili hiyo miwili ikikosa kuelewana, anayeumia ni mkazi. Makueni ilishuhudia hali hiyo mwaka wa 2014, mvutano wa gavana na bunge ulipofikia kiwango cha risasi kufyatuliwa katika majengo ya bunge hilo. Tume ya uchunguzi ilipendekeza serikali ya kaunti isimamishwe chini ya Kifungu cha 192, lakini Rais Uhuru Kenyatta alilikataa pendekezo hilo mwaka wa 2015.

Hoja ya kumng'oa gavana ina utaratibu mkali zaidi. Sharti iungwe mkono na angalau theluthi moja ya wanachama wote ndipo ijadiliwe, kisha ipate kura za thuluthi mbili. Baada ya hapo suala hilo huenda katika Seneti, ambayo ndiyo yenye kauli ya kumwondoa. Gavana wa Embu, Martin Wambora, alikuwa wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo, Februari 2014, lakini Mahakama Kuu ilimrejesha kwa kuwa bunge la kaunti lilikuwa limepuuza agizo lake la kusimamisha shughuli hiyo. Alimaliza muhula wake na kuchaguliwa tena 2017. Mike Sonko wa Nairobi hakuwa na bahati hiyo: aliondolewa Desemba 2020, na Mahakama ya Juu ikaidhinisha hatua hiyo mwaka wa 2022.

Mwananchi wa kawaida hahitaji kungoja mambo yafike huko. Sheria inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na ya kuketi humo akisikiliza mijadala. Milango hiyo haiwezi kufungiwa umma wala wanahabari ila katika hali isiyo ya kawaida, na ni sharti kwanza Spika aamue kwamba zipo sababu za haki za kufanya hivyo.