Jina la Umati

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kupita sokoni, au kando ya kiwanja cha mpira, ukaona watu wengi wamekusanyika mahali pamoja. Ukirudi nyumbani na kuulizwa habari, utasemaje? Ukisema "umati", umetaja wingi wao tu. Ukisema "mkutano", umeongeza kwamba watu wale wana nia moja. Ukisema "genge", umekwisha kuwahukumu. Watu ni wale wale. Lililobadilika ni jina. Jambo hili limo katika kila lugha, lakini leo tulitazame katika Kiingereza unachokisoma darasani, kwa kuwa historia ya Waingereza wenyewe yaonyesha jinsi neno moja linavyoweza kutangulia mbele ya upanga.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno "crowd" asili yake ni kitendo cha kale chenye maana ya kusukuma na kusonga, na "throng" vivyo hivyo. Waliotumia maneno hayo zamani walikuwa wakitaja mabega yanayogusana, si hesabu ya vichwa. Neno "host" lilitoka katika Kilatini, ambako kwanza lilikuwa na maana ya mgeni au adui. Baadaye likawa jeshi, na mwisho likawa wingi wa kitu chochote. Ndilo linalotumika katika Biblia ya Kiingereza pale ambapo yetu husema "Bwana wa majeshi". Neno "horde" lilisafiri mbali zaidi. Kwa Waturuki wa nyika za Asia, "ordu" ilikuwa kambi ya mtawala au ya jeshi, mahali penye amri na mpango. Lilipofika Ulaya, kwa watu waliowaogopa wapanda farasi wale, likawa jina la kundi la washenzi wasio na mpango wowote. Wahenga hawakukosea: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Sasa tulifikie neno "mob". Wasomi wa Uingereza walikuwa na msemo wa Kilatini, "mobile vulgus", yaani watu wa chini wasiotulia, wanaogeuka kama upepo. Katika karne ya 17 msemo huo ulikatwa ukabaki silabi moja. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alilalamika gazetini kwamba amejitahidi kwa miaka kadhaa kulizuia neno hilo lisienee, asifaulu. Lakini angalia vema: kilichomuudhi ni kukatwa kwa neno, kwani aliona lugha inaharibika. Dharau iliyokuwamo ndani yake hakuilalamikia.

Baada ya miaka michache sheria nayo ikaingia. Tangu mwaka 1715 iliamriwa kwamba watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa ghasia, hakimu aweza kuwasomea tangazo la kuwataka watawanyike. Waliosalia pale baada ya saa moja waliweza kuhukumiwa kifo. Idadi ilikuwa wazi, lakini neno "ghasia" halikuwa na kipimo. Ni nani wa kuamua kama watu wale wana ghasia au wametulia? Ni hakimu mwenyewe.

Basi tuende mji wa Manchester, tarehe 16 Agosti 1819. Mji huo ulikuwa umejaa viwanda vya nguo na maelfu ya wafanyakazi, lakini haukuwa na mbunge wake hata mmoja, hali Old Sarum, mahali palipokuwa karibu patupu, palipeleka wabunge wawili. Siku hiyo watu wakaja katika uwanja wa St Peter kudai haki ya kuchagua wabunge. Yakisiwa walifika 60,000. Walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya jirani, wakipiga muziki na kubeba bendera, wanawake wengi wamevaa nguo nyeupe, na watoto wamo. Msemaji wao alikuwa Henry Hunt.

Wenyewe waliuita mkutano. Mahakimu, waliokuwa wakitazama kutoka dirishani, waliona watu wa ghasia. Hata mpango mzuri wa safu zao uliwatia hofu, wakaona ni jeshi linalojizoeza vita. Basi wakaamuru Hunt akamatwe. Askari wa farasi wa kujitolea, watu wa mji ule ule, wakaingia kati ya umati na panga mkononi, kisha wakafuata askari wa serikali. Watu wapatao 18 walikufa, miongoni mwao mtoto wa miaka miwili, na mamia wakajeruhiwa. Serikali iliwashukuru mahakimu. Hunt akafungwa miaka miwili na nusu. Kabla mwaka haujaisha, ilitungwa sheria ya kubana mikutano ya watu zaidi ya 50. Hata hivyo dai lenyewe halikufa: mwaka 1832 Manchester ilipewa wabunge wawili.

Usidhani kwamba mambo haya yaliishia ng'ambo. Lugha ile ile ilikuja kututawala, na maneno yake yakaja nayo. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa, na watu wengi wakakusanyika Nairobi mbele ya kituo cha polisi alimowekwa, wakitaka afunguliwe. Tarehe 16 walipigwa risasi. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 21, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Karatasi zilizochapishwa London juu ya siku hiyo zilibeba neno "disturbances", yaani fujo. Anayesoma kichwa hicho tu atajua kulikuwa na fujo. Hatajua kulikuwa na ombi.

Sisemi kwamba umati hauwezi kukosea. Wako watu waliokusanyika wakachoma nyumba na kuua wasio na hatia, nao wastahili jina la matendo yao. Ninalokuomba, ewe mwanafunzi, ni hili: ukikuta katika kitabu neno la kuutaja umati, uliza kwanza ni nani aliyelitoa, na alikuwa amesimama wapi, uwanjani au dirishani. Kisha uliza watu wale walikuja kutaka nini. Nawe siku utakapoandika habari za watu waliokusanyika, waulize kwanza wao wenyewe wanajiitaje, ndipo ushike kalamu.